Nani Anakuunganisha na Kariakoo? Mitandao, Mapendekezo na Tangawizi ya Myamba

Chukua karatasi na kalamu, tuchore kidogo. Mfano wetu ni wa kubuni, ila mahali pake ni pa kweli: Myamba, wilaya ya Same, kwenye milima ya Upare, ambako tangawizi ndiyo zao la hela. Tuseme kuna grupu la WhatsApp la wakulima 40. Kila mtu mwekee nukta. Mtu akimjibu mwenzake, chora mstari kati yao. Baada ya wiki moja una mtandao, na mtandao unapimika.

Wengi huanza kwa kuuliza nani ana mistari mingi. Sawa, lakini mara nyingi utampata yule wa kutuma "asubuhi njema" na picha za maua. (Kila grupu linaye.) Swali lenye faida zaidi ni hili: nani akitoka, habari inakatika? Tuseme mama mmoja ana mistari mitatu tu, ila mmoja unakwenda nje ya grupu, kwa dereva wa fuso anayepeleka magunia Kariakoo. Bei ya Dar ikipanda, habari inapita kwa mama huyu au haifiki kabisa. Mwaka 1977 Linton Freeman alieleza namna ya kupima nafasi kama hiyo: unatafuta njia fupi kati ya kila watu wawili, kisha unahesabu ni ngapi zinapita kwa mtu unayemchunguza. Mzee wa maua anaweza kupata alama ndogo sana, kwa sababu anaoongea nao wanaongea wenyewe kwa wenyewe bila kumhitaji.

Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1973, Mark Granovetter alikuwa ameonyesha kwa nini mstari mwembamba kama ule wa dereva una thamani. Aliwahoji watu waliobadilisha kazi karibu na Boston, Marekani, akakuta wengi waliopata habari ya kazi kupitia mtu walimsikia mtu wanayekutana naye mara mojamoja tu, wala si rafiki wa karibu. Ukifikiri, ndivyo ilivyo hata gulioni. Jirani yako wa shamba anajua bei ileile unayoijua wewe, yaani ile aliyoitaja dalali. Asiye na mtu wa mbali anauza lumbesa kwa bei hiyo na kumshukuru mnunuzi.

Sasa tuingize mashine. Ndani ya grupu la WhatsApp ujumbe unakuja kwa mpangilio uliotumwa. Facebook na TikTok hazifanyi hivyo, zinakuchagulia. Kanuni moja ya zamani, iliyotumiwa na mradi wa GroupLens mwaka 1994 kupendekeza habari za kusoma, ni rahisi: tafuta watu waliopenda ulivyovipenda, kisha mletee huyu walichopenda wale. Kwenye kupendekeza marafiki, dalili kubwa ni marafiki mnaochangia. Mkiwa na kumi wa pamoja, basi huenda mnajuana.

Rudi kwenye mchoro wako uone kanuni hiyo inafanya nini. Inajaza mistari ndani ya Myamba, kwa watu ambao tayari wanakutana njiani kila siku. Dereva wa fuso hachangii na mkulima wa kawaida zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo anashuka mwisho wa orodha. Mashine imekisia vizuri kabisa, na mkulima hajapata kitu.

Je, hili lina uzito nje ya karatasi? Lina. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi. Kwa miaka 5, watu zaidi ya milioni 20 walipewa mapendekezo ya marafiki yaliyopangwa kwa njia tofauti. Miunganisho iliyosaidia zaidi kubadilisha kazi ilikuwa ya wastani upande wa wembamba: si ndugu wa karibu, wala mgeni kabisa. Maana yake ni kwamba mhandisi akigusa mpangilio wa orodha, nafasi yako ya kazi inaguswa pia, na wewe huoni chochote.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi watafiti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wengi wetu tunadhani kufuta majina na namba za simu kunatosha. Kwenye mtandao wa watu 40 hakutoshi. Futa majina yote uyafutayo. Nukta moja ikibaki peke yake ikiunganisha kijiji na Kariakoo, nani Myamba hatamjua ni nani? Dalali naye atajua, na atajua pa kubana. Ndiyo maana kwa makundi madogo napendelea kuchapisha hesabu za jumla, na mchoro nauacha kwenye kompyuta.