Deni la trafiki: pa kuliangalia, pa kulilipa na pa kulipinga

Dereva anayetoka Bunju kwenda Mwenge, au Chamazi kwenda Kariakoo, anaweza kuandikiwa kosa bila hata kusimamishwa. Tochi inasoma mwendo, namba ya gari inaingizwa kwenye mfumo, na kuanzia hapo gari lina deni. Wengi hulijua baadaye sana, wakisimamishwa kwa jambo jingine, au siku mnunuzi anapoikagua namba ya gari na kurudisha fedha mfukoni. Ndipo maswali yanapokuja kwa mpigo: deni hili ni la nani, limeandikwa wapi, na nikilikataa naenda kwa nani?

Katika kazi ya uwakili nimeona kwamba watu wengi huuliza maswali haya wakiwa wamekwisha kulipa, na kwa hiyo wakiwa wamekwisha kukubali. Kosa la barabarani ni jinai ndogo yenye kumbukumbu. Anayejua kumbukumbu hiyo iko wapi, na nani mwenye mamlaka ya kuigusa, ana nafasi nzuri ya kujitetea. Asiyejua hubaki akilipa tu.

Kulipa ni kukiri

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Kifungu chake cha 95 kinampa askari uwezo wa kumwandikia mtu taarifa ya kosa badala ya kumfikisha mahakamani moja kwa moja. Mwandikiwa akikubali kwamba alitenda kosa, analipa faini iliyowekwa na shauri linaishia hapo. Asipokubali, mahali pa kubishania ni mahakamani, mbele ya hakimu.

Faini ya gari ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Pikipiki na bajaji zilipunguziwa hadi shilingi 10,000 kuanzia mwaka wa fedha 2021/22, baada ya Serikali kukubali kwamba faini ya mwanzo ilikuwa inammaliza kijana wa bodaboda. Angalia maneno "kila kosa". Dereva wa daladala anayeandikiwa taa mbovu, matairi yaliyokwisha na kuzidisha abiria ana makosa matatu, na faini zake ni tatu.

Basi faini hii haifanani na ushuru wa sokoni, ambao mtu hulipa ili apite. Kila unapolipa umesema "nilitenda". Kama ulitenda, lipa mapema na uwe mwangalifu zaidi, maana sheria hizi zinalinda watoto wanaovuka barabara Mbagala na Tegeta. Kama hukutenda, usikubali kwa sababu tu unawahi kazini.

Liangalie deni kabla halijakuangalia

Jeshi la Polisi lina mfumo wa mtandaoni wa faini za barabarani, tms.tpf.go.tz, ambao yeyote anaweza kuufungua kwa simu. Unaweza kutafuta kwa namba ya gari, kwa namba ya leseni, au kwa namba ya kumbukumbu iliyo kwenye taarifa uliyopewa. Mfumo unaonyesha tarehe, mahali, kosa, kiasi cha faini, ongezeko la kuchelewa kulipa, na kama deni limelipwa au bado.

Soma mstari mmoja mmoja. Mahali na tarehe ndivyo vitu vya kwanza kukagua, kwa sababu makosa mengi ya uandishi hujionyesha hapo. Herufi moja ikikosewa katika namba ya gari, deni la mtu wa Kibaha linaweza kutua kwa mtu wa Toangoma. Wapo pia wahalifu wanaobandika namba za magari ya watu wengine. Ukiona deni la siku ambayo gari lako lilikuwa gereji, hifadhi picha ya ukurasa huo na utafute risiti ya fundi.

Malipo hufanyika kwa kontroli namba ya Serikali, kwa simu au benki. Fedha taslimu mkononi mwa askari si malipo ya faini, hata kama zimepunguzwa kwa huruma. Deni halifutiki, risiti hupati, na wewe uliyetoa umetenda kosa jingine kubwa kuliko la kwanza. Ukiombwa rushwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Anayenunua gari la mkononi afanye ukaguzi huu kabla ya kusaini mkataba. Deni limeandikwa kwenye namba ya gari, na mfumo hauoni kwamba mwenye gari amebadilika. Mwambie muuzaji alipe kwanza, ukague tena, ndipo mwende kuhamisha umiliki TRA.

Si kila deni la gari ni la trafiki

Watu huchanganya madeni matatu, wakapoteza siku nzima kwenye ofisi isiyowahusu. Ada ya maegesho ya barabarani ni ya TARURA, na ina mfumo wake na kontroli namba zake. Adhabu za leseni ya usafirishaji, kama daladala kukatisha ruti au kutoza nauli kupita kiwango, ni za LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Mwendo kasi, taa nyekundu, mkanda, bima na leseni ya udereva ni mambo ya polisi. Kabla ya kupanda basi kwenda kulalamika, hakikisha karatasi yako imetoka kwa nani.

Ukiamua kupinga

Njia ya kwanza ni ya kiutawala. Kama kosa ni la uandishi, nenda ofisi ya mkuu wa usalama barabarani wa wilaya ambako kosa limeandikwa. Kwa mikoa ya kipolisi ya Dar es Salaam, makao ya Kinondoni yako Oysterbay na ya Temeke yako Chang'ombe, na hapo utaelekezwa kwa mhusika. Andika barua fupi yenye namba ya kumbukumbu, sababu zako na vielelezo, kisha omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, baada ya mwezi mmoja itakuwa kana kwamba hukufika.

Njia ya pili ni mahakama. Mwambie askari kwa heshima kwamba hukubali kosa na unaomba shauri lipelekwe mahakamani. Ni haki yako, na hupaswi kuitamka kwa ugomvi. Ukishikiliwa, kumbuka kwamba dhamana ya polisi haiuzwi.

Mahakamani utasomewa mashtaka, na jibu lako la kwanza ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu hufuata hadi leo. Mshtakiwa aelezwe kila kiini cha kosa kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Kisha mwendesha mashtaka aeleze yaliyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Akiyapinga, jibu lake ligeuzwe kuwa la kukana.

Wengi husema "ni kweli, lakini" kisha wakaanza kueleza. Hiyo "lakini" ndiyo inayobeba utetezi wao. Mtu anayesema "ni kweli nilipita taa nyekundu, lakini askari aliyekuwa anaongoza magari aliniita" hajakiri kosa, na hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Ukikiri bila utata ukatiwa hatia, rufaa yako itabaki kwenye ukubwa au uhalali wa adhabu tu.

Ukishindwa baada ya kusikilizwa, rufaa kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi huenda Mahakama Kuu. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda uliotumika kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Kwa hiyo omba nakala siku ileile, kwa maandishi.

Jalada lako liko masjala

Anayetafuta shauri la trafiki la miaka iliyopita huanza kwa kutafuta mtandaoni. TanzLII ni hazina kubwa na ni bure, lakini inachapisha zaidi maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Shauri la taa nyekundu lililoishia Mahakama ya Wilaya utalipata kwenye masjala ya mahakama hiyo. Mahakama ya Tanzania sasa husajili mashauri kwa mfumo wa kielektroniki, jambo lililorahisisha sana utafutaji wa mashauri mapya. Ya zamani bado yanahitaji karani afungue rejesta.

Kwanza jua wilaya. Kimara na Mbezi zilikuwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya, na Kigamboni ilikuwa sehemu ya Temeke. Kwa hiyo kosa la mwaka 2012 lililotendeka Kimara litafute Kinondoni. Wakazi wa Temeke wasichanganyikiwe na Kituo Jumuishi cha Mahakama kilichozinduliwa mwaka 2021, kwa kuwa kile ni cha mirathi, ndoa na mambo ya familia.

Nenda na jina kamili la mshtakiwa, mwaka, mahali pa kosa, namba ya gari, na namba ya shauri kama unayo. Mashauri haya huandikwa kwa mtindo wa "Shauri la Trafiki Namba fulani la Mwaka fulani", hivyo kosa dogo la mwaka linaweza kulificha jalada. Andika barua kwa hakimu mfawidhi ukitaja unachotaka: hati ya mashtaka, mwenendo, au hukumu. Mshtakiwa anayeomba nakala ya hukumu yake ana haki ya kupewa bila kucheleweshwa na bila malipo. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Ukipewa waraka usioelewa, uliza.

Jalada hilo si la dereva peke yake

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mama ntilie aliyegongwa Barabara ya Kilwa huenda akajua dereva alishtakiwa, akatozwa faini, na mambo yakaisha. Kwake hayajaisha. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inalazimisha kila gari liwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na mtu wa tatu ni yeye. Kampuni ya bima itamtaka athibitishe ajali, majeraha na uzembe wa dereva. Atahitaji fomu ya matibabu ya PF3, taarifa ya ajali na ya ukaguzi wa gari kutoka polisi, mchoro wa eneo, hati ya mashtaka na hukumu.

Kwa hiyo aliyeumia, au ndugu yake, aandike namba ya gari na jina la kampuni ya bima mapema. Amuulize mpelelezi shauri limefunguliwa mahakama gani, kwa namba ipi. Afike siku ya kutajwa. Shauri likiisha, aombe nakala. Familia nyingi hukosa fidia kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ile hukumu iliyomtoza dereva faini ilikuwa pia ushahidi wao.

Naziomba ofisi za serikali za mitaa, kuanzia Wazo hadi Mbagala Kuu, zibandike ukutani maelezo haya: wapi pa kukagua deni, mahakama ipi inasikiliza mashauri ya eneo hilo, na nyaraka gani aliyegongwa azidai. Ni karatasi moja tu, na itawafikia watu ambao hawatamudu kumlipa wakili.