Sekunde 80 Kwenye Taa za Barabarani

Serikali inapotangaza mageuzi ya usafiri, wengi wetu huuliza kwanza habari ya bajeti. Jimbo la California, Marekani, linaonyesha kuwa kipimo cha kukagulia miradi kinaweza kuamua mengi kuliko fedha. Kwa miaka mingi, tathmini zilizofanywa chini ya sheria ya mazingira ya jimbo hilo, iliyopitishwa mwaka 1970, zilipima foleni. Wahandisi walikadiria muda ambao dereva angechelewa kwenye makutano, kisha wakatoa alama kama za mtihani: A kwa sekunde zisizozidi 10 penye taa, F zikipita 80. Mradi ulioshusha alama ulihesabiwa kuwa unaharibu mazingira. Matokeo yake yalikuwa kinyume kabisa cha lengo. Nyumba za ghorofa karibu na kituo cha treni, palipo na magari mengi tayari, zilifeli kwa urahisi. Mtaa mpya uliojengwa mbali mashambani, ambako mkazi hawezi hata kununua mkate bila gari, ulipita. Huko San Francisco, mahakama ilisimamisha hata mpango wa njia za baiskeli mwaka 2006 kwa kukosa tathmini ya mazingira, na zuio hilo likadumu hadi 2010.

Sheria namba 743, iliyoandikwa na Seneta Darrell Steinberg na kutiwa saini na Gavana Jerry Brown mwaka 2013, ilikiondoa kipimo hicho cha foleni. Tangu Julai 2020, jimbo zima linauliza mradi utaongeza maili ngapi za safari za magari.

Wapinzani husema foleni ni kero ya kweli. Ni kweli, na sheria haiukatazi mji kuishughulikia katika mipango yake. Inakataa tu kuiita uchafuzi. Tena, kupanua barabara huita magari zaidi: barabara ya Katy mjini Houston ilipanuliwa kufikia 2008, na baada ya miaka michache foleni ikarudi. Hoja nzito zaidi ni ya mwananchi aliyefukuzwa mjini na kodi ya nyumba, ambaye sasa huenda akabebeshwa gharama za kupunguza safari kupitia bei ya nyumba ya mbali. Hoja hiyo naikubali. Dawa yake ni kuruhusu nyumba nyingi zaidi mijini, na hilo kubadili kipimo peke yake hakuwezi kulifanya.

Wala sheria hii haizuii barabara kujengwa. Mamlaka bado inaweza kuidhinisha mradi wenye madhara, ila lazima iyataje madhara hayo na kueleza sababu zake kwa maandishi, hadharani.