Nani Aone Hesabu ya Maziwa?



Vikundi na vyama vya ushirika kadhaa vimekuja ofisini kwetu kuuliza kuhusu programu za kompyuta za kuweka hesabu. Wanaoziuza husema programu yao "inashirikisha habari", yaani kinachoandikwa na karani kinaweza kuonekana papo hapo na meneja, na mweka hazina, na hata na mwanachama kwa simu yake. Sisi watu wa kanisa tukisikia neno kushirikisha tunasema amina kabla hatujauliza swali. Lakini ni habari gani inashirikishwa, na nani? Tunataka kueleza jinsi ya kuwauliza wenyewe wanaohusika, kwa sababu tuliona kwa macho yetu swali hili likiulizwa vibaya, kisha likiulizwa vizuri kidogo.

Kijana mmoja aliyetengeneza programu ya vyama vya maziwa alituomba tumsaidie kuuliza wateja wake wanahitaji nini. Alikuwa tayari na hojaji ya kurasa nne. Wateja wake, kwa maoni yake, walikuwa mameneja na wenyeviti wa vyama, kwa kuwa ndio walionunua. Swali moja lilisema: "Je, ungependa wanachama wapate habari zao kwa urahisi zaidi?" Wote walijibu ndiyo. Jingine liliwataka wapime kwa namba, kutoka moja hadi tano, umuhimu wa kila mtu kuona ripoti. Wengi waliandika tano. Kijana alifurahi sana.

Sisi hatukufurahi. Ukimwuliza mtu kama angependa kitu kizuri atakwambia ndiyo, hasa ukiwa mgeni wake na chai iko mezani. Jibu la namna hiyo ni adabu, si habari. Halafu hapakuwa na mtu hata mmoja kati ya waliojibu ambaye huamka alfajiri kukamua.

Wengi wetu tulifundishwa kazi hii kwa njia ya DELTA, mafunzo yaliyoanza hapa Kenya katika miaka ya 1970 na kuenezwa na Anne Hope na Sally Timmel, ambao baadaye, mwaka wa 1984, walitoa vitabu vya Training for Transformation. Waliyachota mawazo mengi kwa Paulo Freire wa Brazil. Jambo la kwanza katika njia hiyo ni kusikiliza kabla ya kuuliza. Unakwenda pale watu walipo, kisimani, sokoni, kwenye matatu, na unasikiliza wanazungumza nini wakiwa hawazungumzi nawe. Hasa unasikiliza wanapokasirika, wanapoogopa na wanapotumaini, maana hapo ndipo penye jambo. Tukamwambia kijana aweke karatasi zake kando, twende kituo cha kukusanyia maziwa saa kumi na mbili asubuhi.

Pale tuliona kwamba watu walikuwa wakishirikishana habari siku nyingi bila programu yoyote. Mzee mmoja alipiga picha ukurasa wa kitabu cha karani kwa simu, kwa sababu mwezi uliopita lita zake zilipungua na hakuwa na ushahidi. Bibi mmoja alimpa mjukuu kadi yake amsomee. Mpima maziwa alikuwa na daftari lake la pembeni, mbali na kitabu cha chama, kwa ajili ya siku ya kugombana. Kila moja ya hizi ni haja, tena imeshajieleza yenyewe. Aliyepiga picha hakusema anataka ripoti. Anataka ushahidi wa alicholeta, asubuhi hiyo hiyo, kabla lori halijaondoka.

Ndipo tukasikia lile ambalo hojaji ya kurasa nne isingelileta kamwe. Kijana alikuwa akieleza kwamba kila siku ujumbe utatumwa kwa simu ya mwanachama. Mama mmoja akauliza, "Mwanachama ni nani?" Kijana akasema, mwenye jina kwenye akaunti. Mama akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Jina ni la mzee. Maziwa naleta mimi. Kadi hii ninaiweka mimi. Sasa mnataka kuninyang'anya kadi na kumpelekea yeye habari?"

Wasomaji wetu wa sehemu za ng'ombe wanajua mambo haya. Katika nyumba nyingi maziwa ya asubuhi huenda kwenye chama kwa jina la baba, na ya jioni ni ya mama, ya chai, ya watoto na ya kuuza kidogo kwa jirani. Kadi ya karatasi ilikuwa njia pekee ya mama huyu kujua kazi yake imefika wapi. Programu ingeiondoa kadi, na katika ripoti ya kijana hiyo ingeitwa maendeleo.

Mwingine alikuja baadaye, peke yake, akatuambia habari ya deni. Alikuwa amechukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo, akatwe kwa maziwa. Siku moja mtu wa ofisi akaipiga picha orodha yote ya madeni akaitia kwenye kundi la WhatsApp la chama, ati wanachama wawe na uwazi. Tangu siku hiyo mama huyu humtuma mtoto kituoni. Uwazi ni neno zuri, lakini mwanachama anataka kuona hesabu ya chama, hakuomba jirani aone hesabu yake.

Basi tulitengeneza hojaji upya, ukurasa mmoja tu. Hatukuuliza mtu angependa nini, tuliuliza amefanya nini. Mara ya mwisho ulipotaka kujua lita zako, ulifanyaje? Ulingoja siku ngapi? Nani alikusomea? Ni nani mwingine aliyeona? Na lile swali ambalo watu wengi wa kompyuta hulisahau: kuna nani usiyetaka aone, na kwa nini? Hili la mwisho ndilo lililojibiwa kwa maneno mengi kuliko yote. Tulilijaribu kwanza kwa watu watano, tukagundua swali moja halieleweki, tukalibadilisha. Tuliuliza kwa lugha ya nyumbani, akina mama kwa akina mama, mbali na akina baba. Karani aliulizwa, mpima maziwa na dereva wa lori pia. Mameneja tuliwarudia, na safari hii walisema ukweli zaidi: wao hasa walihitaji jumla ya siku ya kila kituo mapema, ili wajue lori ngapi zitumwe.

Njia hii ya kumtazama mtumiaji si mpya hapa kwetu. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka wa 2005, pamoja na shirika la mikopo la Faulu, nia ilikuwa kuwasaidia wakopaji kulipa mikopo yao. Waliokuwa wakiijaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wahusika waliliona hilo, na ilipozinduliwa Machi 2007 ilitangazwa kuwa ya kutuma pesa nyumbani. Hojaji kuhusu kulipa mikopo isingewaambia hayo.

Kuna sheria pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, kukataa, na kudai makosa yasahihishwe. Orodha ya madeni kwenye WhatsApp ni jambo ambalo mwanachama anaweza kulipeleka kwa Kamishna wa Data. Lakini kwa yule mama wa kadi sheria ni kisu cha makali mawili, kwani akaunti ni ya mzee na mzee naye ana haki ya siri yake.

Tulikaa na kijana mchana mzima juu ya jambo hili, na kusema kweli yeye ndiye aliyepata njia. Alitenganisha stakabadhi na akaunti. Anayeleta maziwa anaandikwa kama mletaji, na anapata kwa simu yake, au kwa karatasi, lita alizoleta asubuhi hiyo. Hapati kingine. Pesa, makato na deni vinabaki kwa mwenye akaunti na karani. Halmashauri inaona jumla tu, bila majina ya wadeni, isipokuwa kikao kimeamua kumwita mtu.

Chama kimoja kimekubali. Kingine kimekataa, na wazee wake walituambia wazi kwamba mambo ya nyumba ya mtu si kazi ya kompyuta. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Programu ya kwanza ilikuwa tayari imeingia ndani ya nyumba, ila ilisimama upande wa mzee. Njia ya uhakika zaidi ni mama kujiandikisha uanachama kwa jina lake mwenyewe, na hiyo inahitaji hisa na ng'ombe anayetambuliwa kuwa wake.

Kikundi chochote kinachofikiria kununua programu kinaweza kuomba nakala ya ule ukurasa mmoja katika ofisi ya maendeleo ya parokia. Akina mama wa kituo kile waliomba jambo moja: karatasi zijazwe pale pale kwenye mizani, zisipelekwe nyumbani.