Mafuta ya Taa Katika Chupa ya Soda

Katika nyumba nyingi mafuta ya taa hununuliwa dukani kwa kipimo kidogo, na chombo kinachopelekwa ni chupa tupu ya soda. Kisha chupa hiyo huwekwa chini karibu na jiko, mahali ambapo mtoto wa mwaka mmoja au miwili aweza kuifikia. Naye amekwisha kuona wakubwa wakinywa katika chupa kama ile. Basi akishikwa na kiu hunywa.

Hatari kubwa haimo tumboni, bali mapafuni. Mafuta ya taa ni mepesi mno, na kiasi kidogo kikiingia katika njia ya pumzi huleta ugonjwa wa mapafu uwezao kumwua mtoto. Kwa sababu hiyo haifai kabisa kumtapisha, ingawa ndivyo wafanyavyo majirani wengi, kwa kidole au kwa maziwa. Yakirudi juu, mafuta hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha umpeleke hospitali upesi, hata ikiwa bado anacheza, kwa kuwa kikohozi na kuhema huweza kuanza baada ya saa kadhaa. Chupa nayo ichukuliwe, daktari apate kuiona.

Debe lenye kifuniko kigumu, likiwekwa juu asikofika mtoto, lafaa zaidi. Chini ya kitanda si mahali pa kuficha kitu. Watoto hupajua kuliko sisi.