Je, Wajua? Msumari Kisiginoni

Mwaka 1968, katika kaburi la karne ya 1 kaskazini mwa Jerusalem, lilipatikana sanduku la jiwe lenye mifupa ya mwanamume aliyeitwa Yehohanan. Kisigino chake cha kulia kilikuwa bado kina msumari wa chuma wa sentimita 11 hivi, ncha imepinda. Pengine ndiyo maana haukung'oka. Mabaki hayo si ya Yesu, ila yanaonyesha kwamba aliyesulubiwa aliweza kuzikwa kaburini, jambo ambalo baadhi ya wasomi hulitilia shaka. Kuhusu Yesu mwenyewe, Tacitus, mwanahistoria Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mnamo 116 kwamba Kristo aliuawa kwa amri ya Pontio Pilato, wakati wa Kaisari Tiberio. Jina la Pilato lilikutwa limechongwa kwenye jiwe huko Kaisaria mwaka 1961.