Jino la Papa kwa Fundi wa Bodi

Lilikutwa chini ya kiti cha dereva, kwenye gari lililopitia Dubai kabla ya kuletwa Gatsata, Kigali, kunyooshwa bodi. Mwenye gari alisema si lake. Likabaki kwa fundi.

Lina rangi ya asali na ukingo laini usio na meno kama ya msumeno. Kila upande, pale linapoanzia mzizi, kimechomoza kijino kidogo. Umbo hilo ni la Otodus obliquus, papa wa zaidi ya miaka milioni 45 iliyopita, ambaye meno yake huchimbuliwa kwa wingi katika machimbo ya fosfeti ya Khouribga, Moroko, na kuuzwa kote duniani. Gegedu la papa huoza upesi. Meno, anayoyaangusha na kuotesha mengine maisha yake yote, ndiyo hugeuka mawe.

Fundi hakubabaishwa na hayo mamilioni. Jicho lake lilikuwa kwenye mzizi. Aliugeuza juani, akapitisha ukucha taratibu, akatangaza kwamba hapa pamepigwa puti. Nilibisha. Akapasha sindano moto kwa kiberiti cha gesi, akaigusisha kwenye jino: kimya. Akaigusisha kwenye mzizi: ikazama, kikatoka kimoshi na harufu ya gundi. Ni mchanga uliokorogwa na gundi, akanieleza, na aliyeupaka hakuusugua sana msasa, makusudi, ili ukwaruze kama jiwe. Alimsifu huyo mwenzake asiyemjua, kisha akasema upande wa kushoto yeye angeumaliza vizuri zaidi.

Akauliza kama kilima kilicho nyuma ya gereji kinaweza kuwa na jino kama hili. Hapana. Miamba ya Kigali ina zaidi ya miaka bilioni 1. Ilikuwepo kabla mnyama yeyote hajaota jino. Meno ya papa wa kale yaliyo karibu nasi kuliko ya Moroko ni ya Tendaguru, Lindi, Tanzania, ambako Wajerumani walichimba dinosaria kati ya 1909 na 1913, enzi Rwanda na Lindi zilipokuwa katika koloni moja. Humo mlikuwa na vijino vya papa pia. Mabaki mengi ya Tendaguru yako Berlin.

Je, kijino cha kushoto ni cha jino hilihili, au kimebandikwa kutoka kwa papa mwingine? Kukwangua puti kungejibu, ila huenda jino na kijino vikaachana mkononi. Dereva mmoja wa teksi analitaka la kuning'iniza kwenye kioo. Fundi ameshaamua kumwambia habari ya puti. Anachoniuliza mimi ni apunguze bei kiasi gani.