Gety: Kiatu cha safari hakikaushwi motoni

Mvua inaponyesha, barabara ya udongo inayotoka Bunia kupitia Bogoro hadi Gety, katika wilaya ya Irumu mkoani Ituri, hugeuka matope. Magari hukwama, na wengi humalizia safari kwa miguu. Hapo ndipo kiatu kinakuwa mali: kinakinga mguu na miiba, mawe na funza, na kikipasuka si kila nyumba yenye pesa za kununua kingine.

Kosa la kawaida ni kuweka kiatu kilicholowa karibu na moto. Joto kali hukausha mafuta ya ngozi, ikakakamaa na kupasuka, na gundi ya soli huachia.

Njia salama haina gharama kubwa. Ondoa kamba na soli ya ndani. Bandua matope kwa kijiti, kisha sugua kwa brashi, maji baridi na sabuni kidogo. Jaza karatasi kavu ndani, uzibadilishe zikilowa, na uweke kiatu kivulini penye upepo. Ngozi ikishakauka, paka kiwi, hasa kwenye mishono.

Buti za mpira, wanazovaa wakulima na wachimba dhahabu, zioshwe ndani na nje, kisha zipinduliwe zikauke mbali na jua kali, maana huchakaza mpira. Ufa mdogo upelekwe kwa fundi mapema. Ukiachwa, maji huingia, na mguu unaoshinda umelowa huchubuka na kushikwa na fangasi.

Anayesafiri kesho alfajiri aoshe viatu leo jioni: matope mabichi hutoka upesi kuliko makavu.